Shemeji anataka Datsun ya marehemu baba kwa picha za matangazo

SWALI

Ndugu washauri wa magari, salaam kutoka Tabora.

Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoachiwa na marehemu baba. Usukani uko kulia, injini ni ile ile iliyokuja nayo, bodi nyekundu na boneti nyeusi. Rangi ilipigwa upya, ila siti na dashibodi ni za tangu mwanzo. Huwa naitembeza Jumapili kilomita ishirini au thelathini, kisha naifunika turubai.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anafanya kazi na wapiga picha wa Dar es Salaam. Wanakuja huku siku mbili kupiga picha za matangazo ya nguo na wanalitaka gari hili. Wametaja stesheni ya reli, tembe la Kwihara, na barabara ya Nzega kwa picha za mwendo. Ni watu tisa, wanne kati yao wanamitindo. Wanatoa shilingi laki tatu kwa siku, wanataka wabaki na ufunguo siku zote mbili, na dereva wao ndiye aendeshe. Gari lina bima kubwa.

Nilipotaja mkataba shemeji alisema, "Sisi ni ndugu, karatasi za nini?" Sitaki kumvunjia heshima, na mke wangu amebaki katikati. Nimpe au nisimpe? Nikimpa, ufunguo ukae kwa nani? Na wakiliharibu, bima yangu italipa?

Mwana wa Ng'ambo, Tabora

JIBU

Ndugu yetu wa Ng'ambo, mpe. Lakini ufunguo usitoke mfukoni mwako, na anayeshika usukani awe wewe, kuanzia gari linapotoka getini mpaka linaporudi. Dereva wao huenda ni hodari sana, na hilo halibadilishi jibu. 240Z ina choki ya mkono, kabureta mbili, na boneti yenye bawaba mbele karibu na taa, kwa hiyo huinukia upande wa kioo, kinyume cha magari mengi ya leo. Mgeni akijaribu kuiinua kutoka mbele anaipinda. Mambo ya namna hiyo hayazoeleki asubuhi moja huku mpiga picha anahimiza jua linapanda.

Pengine unaiogopa barabara ya Nzega. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya siku hizo mbili. Gari la aina yako lilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Mwendo linauweza. Kinacholitesa ni kusimama juani, na kazi ya picha karibu yote ni kusimama: gari linawashwa, linasogezwa hatua mbili, linazimwa, wanasubiri wingu lipite, mwanamitindo anabadilisha nguo, linawashwa tena. Kwa siku moja hilo linaweza kujirudia mara thelathini.

Tazama kinachotokea ndani. Feni ya injini yako huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Injini ikiunguruma taratibu gari likiwa limesimama, feni nayo inazunguka taratibu, na hakuna upepo wa safari wa kuisaidia rejeta. Halafu kwenye kichwa cha injini hii kabureta na bomba la moshi viko upande mmoja, bomba likiwa chini na kabureta juu yake. Ukizima injini ya moto, joto lote la bomba hupanda kwenye kabureta na petroli iliyomo huanza kuchemka. Ukipiga stata baada ya dakika kumi hadi ishirini, injini inakohoa au inakataa kabisa. Asiyejua huvuta choki, na hapo anaongeza petroli mahali ambapo tayari imezidi, plagi zinalowa. Au anakanyagakanyaga pedali. Kabureta hizi, za muundo wa SU, hazina pampu ya kurushia petroli, hivyo kukanyagakanyaga hakuleti chochote zaidi ya kuchosha mguu. Mwisho betri inakufa, na kundi la watu tisa linakutazama wewe.

Fanya hivi. Kila unapozima kwa zaidi ya dakika tano, fungua boneti hapo hapo ili joto litoke. Ukitaka kuwasha injini ya moto, hakikisha choki haijavutwa hata kidogo, kanyaga pedali nusu, ishikilie hapo hapo bila kuiachia, piga stata sekunde tano hadi nane. Ikikataa, ipumzishe dakika moja ujaribu tena. Ikikataa mara ya tatu, iache nusu saa na uwaambie wapige picha za nguo peke yake. Injini isiungurume zaidi ya dakika tano gari likiwa limesimama. Kama ni kusogea mita kumi, lisukumwe: gari lina uzito wa kama tani moja, watu wanne wanalitosha kwenye ardhi ngumu. Washike kwenye nguzo za milango. Wasiguse bati la nyuma, taa wala boneti, maana bati la magari haya ni jembamba na kiganja cha mtu mzima kinaacha bonde.

Sindano ya joto ikipita robo tatu, zima. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka uweze kulishika bomba la juu la mpira kwa mkono bila kuungua. Na asitokee msamaria wa kumwagia injini maji baridi. Kichwa ni cha alumini, bloku ni ya chuma, hizo mbili hazisinyai sawa, na kinachoumia ni gasketi iliyo katikati au kichwa chenyewe kupinda. Beba lita kumi za maji safi, oili lita moja, mkanda wa feni wa akiba, fyuzi, waya za kuboosti na mtungi wa kuzimia moto ulio wazi kuufikia. Wiki moja kabla, fundi akague mipira yote ya petroli kuanzia kwenye tenki. Mpira uliopasuka juu ya bomba la moshi ndio moto wenyewe.

Dawa kubwa ya joto, hata hivyo, ni saa za kazi. Huko Tabora jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1 asubuhi kutegemea mwezi, na huzama kuanzia kama saa 12:40 jioni. Mwanga mzuri wa gari ni saa moja na nusu hivi baada ya kuchomoza na muda kama huo kabla ya kuzama. Jua la saa sita likipiga bodi nyekundu inayong'aa, linatoa madoa meupe yasiyorekebishika, na mpiga picha anayejua kazi yake halitaki. Kwa hiyo andikeni kwamba gari linafanya kazi mpaka saa 3 asubuhi, kisha kuanzia saa 10 jioni mpaka giza linapoingia. Katikati likae kivulini. Kwa sharti hilo moja umeondoa zaidi ya nusu ya hatari, nao hawajapoteza picha hata moja.

Sasa umeme, na hapa tafadhali usome mara mbili. Watataka taa kubwa ziwake, hasa jioni. Taa mbili kubwa, za nyuma na za dashibodi kwa pamoja hula kama ampia 12. Betri yenye uwezo wa ampia-saa 50 inapoteza karibu nusu yake ndani ya saa mbili injini ikiwa imezimwa, na ikiwa si mpya stata haitazunguka. Lakini betri ni ya kununua. Kibaya zaidi ni kwamba kwenye 240Z umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya kwenye usukani, bila rilei, yaani swichi ya pili inayobeba umeme mkubwa badala yake. Swichi hiyo sasa ina miaka zaidi ya hamsini. Vichwa vya waya vikiwa na kutu, joto linajikusanya, plastiki inayeyuka, na kuipata nyingine ni kuagiza ng'ambo ya bahari.

Mpelekee fundi umeme aweke rilei mbili, ya taa za chini na ya fulu, zinazochukua umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi iliyokaribiana na betri. Swichi itabaki na kazi ya kuamrisha rilei tu. Ni kazi ya nusu siku na haiharibu kitu cha asili, kwani inaweza kuunganishwa bila kukata waya wa zamani. Kama siku haziruhusu, taa ziwashwe pale tu kamera inapopiga, zisizidi dakika moja, na wewe ukiwa umeweka mkono kwenye kava la usukani kusikiliza joto. Hakuna atakayechaji betri za kamera kutoka kwenye gari. Waje na jenereta.

Jambo jingine la injini kuwaka gari likiwa limesimama: mpira wa mlango wa nyuma wa magari haya ukichoka, moshi wa sailensa huingia ndani. Hauonekani, na ndani yake mna sumu inayolaza mtu bila yeye kujua. Mwanamitindo asikae ndani injini ikiwaka huku vioo vimefungwa, hata kama vioo vilivyofungwa vinapendeza kwenye picha. Vifungwe injini imezimwa.

Bodi. Vumbi la Tabora ni mchanga, na mchanga mkavu ukifutwa kwa kitambaa ni msasa. Kila mara maji kwanza, kisha shampuu ya magari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kisha ukaushe kwa kitambaa laini. Sabuni ya unga ya kufulia ikae mbali, inaondoa nta na kuifubaza rangi. Wanamitindo wakitaka kuegemea, wavue mikanda yenye vyuma, na ukague mifuko ya nyuma ya jinzi, kwa kuwa vile vifungo vya shaba ndivyo vinavyochora. Nguo za shanga na zipu zisiguse bodi. Kukaa juu ya boneti au paa ni hapana, bila majadiliano. Wanaweza kukaa kwenye kizingiti cha mlango ukiwa wazi, juu ya taulo. Siti za zamani zikishakauka hupasuka kwenye mshono mtu anapojitupa, kwa hiyo waingie kwa kutanguliza makalio, viatu virefu baadaye.

Wapiga picha wana vitu vyao ambavyo mwenye gari asipouliza havijui. Kuna maji yaliyochanganywa na glisarini wanayonyunyiza ili matone yakae; hayana ubaya yakisuuzwa siku hiyo hiyo. Kuna mashine ya moshi inayoacha utando wa mafuta kwenye vioo na siti. Itumike nje tu. Kuna soltepu, ambayo haitakiwi kugusa rangi iliyopigwa upya, maana ikibanduka inaweza kuondoka nayo. Stendi za taa ziwekewe mfuko wa mchanga wa kilo kumi kwenye mguu, na zisimame umbali unaozidi urefu wake kutoka kwenye gari. Stendi ya mita tatu ikikaa mita mbili na upepo ukaja, boneti ndiyo inayoipokea.

Kisha kuna ule mkono mrefu wa kamera unaoshikamana na gari kwa vikombe vya kunyonya. Picha yake ni nzuri sana: gari limetulia, barabara imekuwa mistari. Usiikatae, ila ijue. Shata, kile kifuniko cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga, hubaki wazi sekunde moja hadi nne, gari likisukumwa mwendo wa mtu anayetembea, injini imezimwa kwa sababu mtikisiko wake unaiharibu picha. Mkono wenyewe hufutwa baadaye kwenye kompyuta. Ukiona mtu anataka uendeshe kilomita 30 kwa saa huku mkono umefungwa, hajui kazi hiyo, msimamishe. Vikombe viwekwe kwenye vioo kwanza. Vikilazimu bati, viwe pembeni juu ya fremu, kamwe si katikati ya boneti wala mahali palipojazwa puti, kwani puti huachana na bati kwa mvuto huo. Rangi ifutwe kwa kitambaa chenye maji kabla, kikombe kisizidi dakika kumi na tano juani, na uwepo mkanda wa akiba wa kuudaka mkono ukiachia.

Picha za mwendo barabara ya Nzega ni rahisi kuliko zinavyosikika. Gari la kamera linatangulia, nyote mko kilomita 40 hadi 50 kwa saa, mpiga picha akitumia shata ya 1/60 ya sekunde. Magurudumu na lami vinafifia na gari linaonekana linapaa. Kasi zaidi haiongezi kitu. Mpiga picha afunge mkanda, asininginie dirishani. Waongee na askari wa usalama barabarani mapema, wapite asubuhi kabla malori hayajaanza. Kuzungusha matairi mpaka yatoe moshi hakumo kwenye makubaliano: klachi na viungo vya ekseli za nyuma ndivyo vinavyolipa.

Kuhusu mahali, wao ndio wafuatilie vibali, wewe uvione kabla hujatoka nyumbani. Stesheni ni mali ya Shirika la Reli na ina shughuli zake. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone, ni eneo la kumbukumbu na lina wasimamizi wake, na njia ya kwenda huko itembee wewe kwanza na gari jingine kuangalia mchanga. Maeneo ya jeshi hayapigwi picha. Droni ina kibali chake cha mamlaka ya anga. Na watakaposema gari liwekwe chini ya mwembe, maana Tabora bila mwembe haijakamilika, liwe pembeni ya matawi. Utomvu wa mwembe unaunguza rangi, na kinyesi cha ndege vilevile.

Umeuliza bima, na jibu ni kwamba usiitegemee ilivyo. Bima kubwa ya gari la mtu binafsi kwa kawaida inakata matumizi ya kukodisha au ya malipo, na laki tatu kwa siku ni malipo, hata yakitoka kwa shemeji. Mpigie wakala wako, ueleze tarehe mbili hizo, kwamba ni picha za matangazo na dereva ni wewe, na umwombe kibali cha nyongeza kwa maandishi. Ahadi ya simu haina uzito siku ya madai. Muulize pia kama gari limekatiwa thamani mliyokubaliana au thamani ya soko. Kama ni ya soko, anaweza kulihesabu kama gari chakavu la miaka hamsini ukalipwa kidogo mno. Kampuni ya picha nayo ionyeshe bima yake ya madhara kwa watu na mali, kwa sababu mtu wao akiangukiwa na stendi jambo hilo lisije mlangoni kwako.

Ada ya laki tatu hatuna ugomvi nayo ikiwa ni ada tupu. Petroli, kuosha, nyongeza ya bima na chakula chako vilipwe kando. Amana ndiyo yenye maana zaidi. Ulizia kwanza kioo cha mbele cha 240Z kitakugharimu kiasi gani mpaka kifike Tabora, pamoja na usafiri na ushuru, na bei hiyo iwe ndiyo amana.

Mkataba hauhitaji kurasa kumi. Karatasi mbili zinatosha: namba ya usajili na ya chasisi, ile inayoanza na HS30; tarehe na saa; dereva ni nani; yaliyokatazwa; nani analipa nini kikiharibika; na picha zitatumika wapi na kwa muda gani. Hili la mwisho wengi hulisahau. Andika kwamba ni matangazo ya nguo hizo tu, miezi kumi na miwili, zisiuzwe kwa matangazo ya sigara wala kampeni za siasa, na kwamba namba ya gari ifutwe kwenye picha zinazochapishwa. Omba picha kumi kamili kwa ajili yako. Ambatanisha picha thelathini za simu zinazoonyesha kila pembe, kila rimu, kila siti na kilomita kwenye dashibodi, zilizopigwa kivulini asubuhi hiyo, nyote mkiwepo.

Sasa shemeji. Usiuweke mkataba kati yako na yeye, kwa sababu kwa kweli hauko hapo. Anayelikodi gari ni kampuni, na yeye ni mtu aliyewakutanisha. Mwambie hivi: "Shemeji, karatasi ni ya kampuni isaini, wewe uwe shahidi wangu. Gari likikwaruzwa nataka nidaiane nao, nisije nikakudai wewe." Msemee mbele ya mke wako, nyumbani, kabla wenzake hawajafika, na ukiwa umeshamwambia kwamba gari unatoa. Akijua jambo limekubaliwa, atausikia mkataba kama ulinzi wake. Kampuni ikikataa kusaini, hapo ndipo usitoe, na atakayekuwa amemwangusha shemeji ni hiyo kampuni.

Amana usiirudishe jioni ya siku ya pili. Gari lipoe usiku mzima. Asubuhi lioshe, angalia maji na oili, liwashe likiwa baridi, tembea kilomita tano, ukague taa zote na sakafu mahali lilipolala kama kuna tone. Likiwa salama, mrudishie shemeji mkononi mwake fedha zote siku hiyo hiyo, awapelekee mwenyewe.